Ukweli wa Kulazimishwa na Ukweli wa Hiari: Tafakari juu ya Sehemu Moja ya Tamthilia ya Smallville



Giza linapoingia, kuanzia Maili Moja hadi Mlandizi kando ya barabara ya Morogoro, na kule Kisarawe ng'ambo ya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, vijana wetu wengi humalizia siku mbele ya kioo: wengine televisheni ya sebuleni, wengine banda la video ambamo filamu ya kigeni hufasiriwa kwa sauti ya Kiswahili, na wengi zaidi simu ya mkononi. Visa vya mashujaa wenye nguvu za ajabu ni miongoni mwa vinavyopendwa sana. Mzazi aweza kuvipuuza akidhani ni michezo ya watoto. Lakini visa hivyo hubeba maswali, na swali ambalo kijana halipatii jibu kwa mzazi wala kwa katekista wake atalipatia jibu mahali pengine. Leo tunalichukua swali moja kati ya hayo: je, dunia ingekuwa bora kama kila mtu angelazimika kusema kweli, na siri zote zikawekwa hadharani?

Kisa chenyewe

Tamthilia ya Smallville ilioneshwa nchini Marekani kuanzia mwaka 2001 hadi 2011, kwa misimu 10. Inasimulia ujana wa Clark Kent, ambaye baadaye dunia itamjua kwa jina la Superman, akiwa mwanafunzi wa sekondari katika mji mdogo wa Kansas. Wazazi wake wa kumlea, ambao ni wakulima, wamemfundisha kuificha asili yake. Sehemu tunayoizungumzia inaitwa "Truth", yaani Ukweli. Imo katika msimu wa tatu, na ilioneshwa kwa mara ya kwanza Aprili 2004.

Kiini cha sehemu hiyo ni Chloe Sullivan, rafiki wa Clark na mhariri wa gazeti la shule. Chloe anavuta gesi ya majaribio iliyotengenezwa na kampuni ya tajiri Luthor, na tangu hapo kila anayeulizwa naye swali hujikuta akitoa jibu la kweli, apende asipende. Mwanzoni jambo hilo linachekesha. Kwa mwandishi wa habari kijana, ni kama kupewa ufunguo wa nyumba zote za mji. Lana, rafiki yao, anajikuta ametoboa mpango wake wa kwenda Paris. Kadiri saa zinavyopita, kicheko kinapungua. Watu wanaanza kumkwepa Chloe. Aliyekuwa rafiki anageuka kuwa hatari, kwa kuwa kuzungumza naye ni kuvuliwa nguo mbele ya watu. Shabaha yake kubwa ni Clark, ambaye kwa muda mrefu amehisi kwamba anamficha jambo. Hapo ndipo uwezo wake unapogonga mwamba: Clark si mtoto wa dunia hii, na gesi ile haimpati.

Waandishi wa tamthilia hiyo wamefanya jambo la busara ambalo mtazamaji asipokuwa makini linaweza kumpita. Katika msimu huohuo, Chloe mwenyewe ana siri nzito: aliwahi kukubaliana na Lionel Luthor kumchunguza Clark, rafiki yake, kwa niaba ya tajiri huyo. Mtu anayetaka siri za wote zifunuliwe anayo ya kwake asiyotaka ijulikane. Jambo hili si geni kwetu. Mara nyingi anayepekua simu ya mwenzake usiku ndiye aliyeweka nywila ndefu katika simu yake.

Upungufu wa kisa hiki ni kwamba kinaishia njiani. Kinatuonesha vizuri kwamba ukweli uliotolewa kwa nguvu huvunja urafiki, lakini hakituambii ni kwa njia gani basi ukweli unapaswa kutoka. Mtazamaji anaweza kuinuka akiwaza kwamba heri kila mtu akae na yake. Kanisa haliwezi kukubali fundisho hilo, maana Bwana wetu alituambia kwamba kuijua kweli ndiko kutakakotufanya huru (Yoh 8:32). Kwa hiyo yatupasa tuendelee pale kisa kilipoachia.

Ndoto ya zamani ya kufungua moyo kwa nguvu

Tamaa ya kuwa na chombo cha kumlazimisha mtu aseme kweli haikuanza na tamthilia hii. Shujaa mwingine maarufu, Wonder Woman, aliyeanza kuonekana katika vitabu vya katuni mwaka 1941, ana kamba ya dhahabu ambayo akimfunga nayo mtu, mtu huyo hawezi kusema uongo. Aliyembuni ni William Moulton Marston, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye katika maisha halisi alikuwa mmoja wa waanzilishi wa mbinu ya kupima uongo kwa kufuatilia shinikizo la damu. Mwaka 1923 Mahakama ya Rufani mjini Washington ilikataa kipimo cha namna hiyo kutumika kama ushahidi. Marston alishindwa mahakamani, na baadaye kamba yake ikafaulu katika katuni.

Karne hiyohiyo ilishuhudia pia matumizi ya dawa za kulegeza akili ili mtuhumiwa aropoke aliyonayo moyoni. Hapa hatuzungumzii tena hadithi. Tarehe 3 Oktoba 1953, Papa Pio XII akihutubia Kongamano la Sita la Kimataifa la Sheria ya Jinai, alifundisha kwamba uchunguzi wa mahakama hauna budi kuyaepuka mateso ya mwili, mateso ya akili, na pia matumizi ya dawa hizo. Alitoa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mambo hayo yanavunja haki ya asili ya mtu, hata kama kweli ana hatia. Ya pili ni kwamba mara nyingi mno huleta matokeo ya uongo. Alikumbusha pia kwamba zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, mwaka 866, Papa Nikolao I aliwaandikia Wabulgaria akilaani desturi ya kumpiga mtuhumiwa ili akiri. Kukiri, alifundisha, lazima kutoke katika hiari ya mtu.

Uaminifu unatudai tuseme pia kwamba watu wa Kanisa hawakuishika njia hiyo daima. Mwaka 1252 Papa Inosenti IV aliruhusu mateso yatumike dhidi ya walioshukiwa uzushi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2298, inakiri kwamba katika nyakati zilizopita wachungaji wa Kanisa walizifuata desturi za ukatili zilizokuwamo katika sheria za serikali, na inasema kwamba desturi hizo hazikuhitajika wala hazikuafikiana na haki halali za binadamu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania nayo, Ibara ya 13, inapiga marufuku mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama.

Hapa kwetu Pwani

Msomaji asidhani kwamba mashine na madawa ni mambo ya ughaibuni tu. Sisi nasi tumekuwa na kamba zetu. Katika miaka ya 1940 na 1950, jina la mganga Nguvumali lilivuma Pwani ya Tanganyika kwa kufichua wachawi, hata mshairi Hasani bin Ismail akamtungia utenzi uliochapishwa mwaka 1968. Watu waliamini kwamba mbele ya mganga wa namna ile hakuna siri iwezayo kukaa. Imani hiyo haijafa. Familia inapopatwa na msiba, bado wapo wanaokimbilia ramli ili waambiwe ni nani aliyehusika, na jirani au bibi mzee anatajwa, analazimishwa kukiri, wala hakuna wa kumtetea. Wananchi wenyewe wameipa jina linaloifaa: ramli chonganishi. Maovu yake yalifika mahali ambapo Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Hii ndiyo sababu ya pili ya Papa Pio XII mbele ya macho yetu: kinachopatikana kwa nguvu, hata kikiitwa ukweli, mara nyingi ni uongo wenye damu.

Mila zetu zina hekima nyingine iliyo bora. Wazaramo wa Kisarawe wanajua kwamba mafundisho ya mwali hutolewa ndani, na mtu aliyekubaliwa kuyatoa, kwa wakati wake, na hayasemwi barabarani. Wanajua pia nafasi ya mtani, ambaye msibani aweza kumtaja marehemu kwa ubahili wake huku wafiwa wakicheka katikati ya machozi. Kungwi hufunika maneno na mtani huyafunua, na wote wawili wamepewa ruhusa na jamii. Ndiyo maana wahenga walisema penye kuku wengi usimwage mtama. Na ni wahenga haohao waliosema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hizi mbili hazigombani. Zinamwuliza kila mwenye neno moyoni: unamwambia nani, na kwa ajili gani?

Gesi ya Chloe imo mikononi mwetu

Leo gesi ile haihitaji maabara. Imo katika simu. Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa wengi watautambua. Mama mjane, mwanajumuiya mwaminifu, ameanza kutumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Jirani aliyeingia kuomba chumvi anakiona kikopo cha dawa. Jioni ileile katika kundi la WhatsApp la jumuiya unatokea ujumbe: "Wapendwa, tumwombee mwenzetu fulani, ana tatizo hili." Hakuna neno la uongo katika ujumbe huo. Una hata sura ya sala. Lakini kuanzia wiki inayofuata mama yule hafiki tena jumuiya. Anaanza kuficha dawa zake hata kwa watoto wake, na siku nyingine anaacha kumeza kwa kuwa mgeni yuko sebuleni. Neno la kweli lililosemwa kwa watu wasiohusika limehatarisha uhai wake.

Katekisimu, namba 2477, inaeleza kwamba mtu anayefichua makosa na kasoro za mwingine kwa watu wasiozijua, pasipo sababu ya haki, anatenda dhambi ya masengenyo. Tuone jinsi fundisho hili linavyotofautisha masengenyo na masingizio. Msingiziaji husema uongo. Msengenyaji aweza kuwa anasema kweli tupu, na bado akakosa. Kama maradhi si kosa wala aibu, basi kuyatangaza ya mtu asiyetaka ni kumwonea zaidi. Namba 2488 na 2489 zinaongeza kwamba haki ya kupewa ukweli haikosi masharti: upendo na heshima kwa ukweli ndivyo viamue nini cha kujibu, na hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Sheria ya Kanisa, kanuni namba 220, inakataza kuharibu isivyo halali jina jema la mtu au kuingilia faragha yake. Katiba ya nchi yetu, Ibara ya 16, inalinda faragha hiyo, na sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inalinda usiri wa majibu ya vipimo vya mgonjwa.

Kwa hiyo kijana akiuliza kama Clark Kent alikuwa mwongo kwa kunyamaza, tumjibu kwamba kuna tofauti kati ya kuficha na kudanganya. Anayeficha analinda kitu ambacho anayeuliza hana haki nacho. Anayedanganya anampotosha mwenzake ajenge maisha juu ya kisichokuwapo. Clark mara nyingi anavuka mpaka huo katika tamthilia, naye anastahili kulaumiwa anapouvuka. Na siri, hata iliyo halali, ni mzigo: Pete, rafiki aliyeijua siri yake, anauhama mji ule mwishoni mwa msimu wa tatu kwa kulemewa nayo.

Siri si pango la uovu

Hapa lazima tuseme neno la wazi, maana fundisho juu ya faragha limewahi kutumiwa vibaya. Baba anayempiga mkewe na kusema "mambo ya ndani yasitoke nje", ndugu anayemchafua mtoto na kumwonya asiseme, kiongozi anayekula michango ya waamini na kuwanyamazisha kwa kisingizio cha heshima ya Kanisa, hao wote hawana siri ya kulindiwa. Wanaotendewa wana haki ya kusema, na anayejua ana wajibu wa kwenda mahali panapofaa: kwa mlezi anayeaminika, kwa serikali ya mtaa, au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kanisa lenyewe limejifunza jambo hili kwa uchungu. Kwa barua yake Vos estis lux mundi ya Mei 2019, Papa Fransisko aliwawajibisha makleri na watawa wote kutoa taarifa za unyanyasaji kwa mamlaka ya Kanisa, na Desemba mwaka huohuo akaondoa siri ya kipapa katika kesi za namna hiyo.

Kwenda polisi na kupeleka picha kwenye kundi la WhatsApp ni mambo mawili tofauti. La kwanza linamtafutia aliyeumizwa haki. La pili humwumiza mara ya pili, na mara nyingi humwonya mkosaji afiche ushahidi. Bwana wetu alituwekea ngazi: kwanza uzungumze na ndugu yako mkiwa wawili, kisha mchukue shahidi mmoja au wawili, kisha jumuiya (Mt 18:15-17). Mtoto anapokuwa hatarini, tusianze kwa kuzungumza na anayemdhuru. Twende moja kwa moja kwa wenye mamlaka ya kumlinda.

Mahali ambapo ukweli wote husemwa

Kipo chumba kimoja katika kila parokia ambamo mtu husema kweli yake yote bila gesi na bila kamba. Katika Sakramenti ya Kitubio, mwenye dhambi anakuja kwa miguu yake mwenyewe, anajishtaki mwenyewe, na anayemsikiliza amefungwa mdomo maisha yake yote. Kanuni namba 983 inasema kwamba siri ya maungamo haivunjiki, na namba 984 inamkataza muungamishi kutumia kwa namna yoyote ya kumdhuru mtubu yale aliyoyajua katika maungamo. Padre anayeivunja siri hiyo moja kwa moja anajitenga na Kanisa kwa tendo lake lenyewe. Tangu marekebisho yaliyoanza kutumika Desemba 2021, kanuni namba 1386 inaweka pia adhabu kwa yeyote anayerekodi maungamo kwa chombo cha kiufundi au kuyaeneza kwa vyombo vya mawasiliano. Mtakatifu Yohane wa Nepomuk, padre wa Praha aliyetoswa mtoni mwaka 1393, anaheshimiwa kwa mapokeo kama shahidi wa siri hiyo.

Tumtazame Yesu mwenyewe katika kisima cha Yakobo (Yoh 4). Alijua yote juu ya yule mwanamke Msamaria, tangu mume wa kwanza hadi yule aliyekuwa naye ambaye hakuwa mumewe. Alikuwa na uwezo ambao Chloe aliutamani, na zaidi. Lakini alizungumza naye wanafunzi wakiwa wamekwenda mjini kununua chakula, wawili peke yao, baada ya kumwomba maji kama mhitaji. Na ni nani aliyekwenda kuwaambia watu wa mji kwamba yupo mtu aliyemwambia yote aliyoyatenda? Mwanamke mwenyewe, ameacha mtungi wake kisimani. Ukweli uliomwinamisha kwa miaka mingi ulikuwa umegeuka kuwa habari njema kinywani mwake, na hakuna aliyemlazimisha kuitangaza.

Tufanye nini?

Wazazi, tazameni visa hivi pamoja na watoto wenu, na mkimaliza waulizeni: "Wewe ungekuwa na uwezo ule, ungemwuliza nani, na ungemwuliza nini?" Majibu yao yatawaonesha wanakoumia. Na mtoto akiwaambia jambo zito kwa hiari yake, msilipeleke kwa shangazi kabla ya jua kuzama, isipokuwa usalama wake unadai hivyo.

Viongozi wa jumuiya ndogondogo, kabla ya kutuma ombi la sala linalomtaja mtu, mwombeni kwanza ruhusa mhusika. Akikataa, Mungu anamjua hata bila jina.

Wanandoa, msipekue simu ili mpate ushahidi. Mkiwa na shaka, ketini mwulizane, na ikishindikana mtafuteni padre au wanandoa wazoefu wa parokia. Jibu linalotolewa kwa hiari, hata likiwa chungu, huacha mlango wa msamaha wazi.

Na wewe kijana uliyeitazama sehemu hii ukatamani uwezo wa Chloe, anza na ukweli ulio na haki nao kamili, yaani wako mwenyewe. Jumamosi jioni padre yupo kitini, na foleni si ndefu sana.